Maswali ya Wasomaji: Kukieleza Kifaa Kisichoweza Kujitaja

Barua za safari hii zinahusu jambo moja ambalo wengi hukutana nalo mara tu wanapoanza kushika ubao wa saketi kwa mikono yao wenyewe, nalo ni namna ya kuieleza kompyuta vifaa vya pembeni vilivyounganishwa kwenye mabasi madogo ya ndani. Neno basi hapa lina maana ya njia ya pamoja ya nyaya ambayo vifaa kadhaa hupitishia data, na fimwea ni ile programu inayokaa ndani ya ubao wenyewe na kuamka kabla ya mfumo endeshi. Nimechagua barua sita.

SWALI: Ndugu Mhariri, nikichomeka kipanya cha USB kompyuta hukitambua papo hapo. Lakini kihisi cha joto nilichokiunganisha kwenye nyaya za I2C za ubao wangu mdogo hakionekani kabisa, ingawa nimezikagua nyaya mara tatu. Je, chipu imeungua? (Mwanafunzi wa elektroniki)

JIBU: Ndugu yangu, yaelekea chipu yako ni nzima, na usiitupe. Tofauti unayoiona inatokana na jinsi mabasi hayo mawili yalivyobuniwa. Kifaa cha USB kinapochomekwa huulizwa maelezo yake, nacho hujibu kwa baiti 18 ambazo ndani yake mna namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, hivyo mfumo endeshi unajua mara moja ni draiva gani, yaani programu ya kukiendesha kifaa hicho, ya kuiita. Basi la PCI nalo lina utaratibu wa namna hiyo: kompyuta husoma namba ya mtengenezaji yenye biti 16 katika kila nafasi, na pale inaposoma 0xFFFF hujua kwamba nafasi hiyo ni tupu.

I2C, iliyobuniwa na Philips mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili chipu za ndani ya kifaa kimoja ziweze kuzungumza kwa nyaya mbili tu, haina utaratibu huo. Kidhibiti cha basi hutaja anwani ya biti 7, kikaongeza biti moja ya kuonyesha kama kinataka kusoma au kuandika, kisha kikasubiri katika mpigo wa 9 wa saa kuona kama yupo atakayeushusha waya wa data. Ukishuka, maana yake ni kwamba kuna chipu yenye anwani hiyo, lakini haikuambii ni chipu ya aina gani. Kihisi cha joto, kumbukumbu ndogo na chipu ya kuongeza pini zote huitika kwa namna ile ile. Zipo chipu zenye rejista (kisehemu kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu) ya utambulisho, ila mahali rejista hiyo ilipo hutofautiana kati ya chipu na chipu, kwa hiyo ni lazima uwe umekwisha kuijua chipu ndipo uweze kuiuliza jina lake.

Baadhi ya watu huuliza kwa nini mfumo endeshi usijaribu tu anwani zote 112 zinazoruhusiwa kwa matumizi ya kawaida. Kufanya hivyo ni hatari, kwa kuwa zipo chipu ambazo kusomwa au kuandikiwa tu hubadilisha hali zake, na basi hilo hilo huenda limebeba chipu inayodhibiti umeme wa ubao mzima. Kwa sababu hiyo maelezo ya kilichopo hutolewa mapema, ama katika mti wa vifaa, yaani faili inayoorodhesha vifaa vya ubao, unaokabidhiwa keneli (kiini cha mfumo endeshi) wakati wa kuwasha, ama katika majedwali ya ACPI, ambayo fimwea huupa mfumo endeshi. Kihisi chako hakionekani kwa sababu hakuna aliyekitaja.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina chipu mbili kwenye basi moja la I2C, saa ya DS3231 na kihisi cha mwendo cha MPU-6050. Kila moja ikiwa peke yake hufanya kazi vizuri, lakini nikiziweka pamoja saa hutoa tarehe za ajabu. Tena, katika mfano mmoja wa programu niliona anwani ya saa imeandikwa 0xD0, ilhali kwingine kote ni 0x68. Ipi ni sahihi? (Msomaji anayejifunza mwenyewe)

JIBU: Marahaba. Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo lianze, kwa kuwa limewahi kunila usiku mbili mfululizo. Anwani ya DS3231 ni biti 7, yaani 1101000, ambayo kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16, inayotanguliwa na 0x) ni 0x68. Inapotumwa kwenye waya hufuatwa na ile biti ya kusoma au kuandika, hivyo baiti nzima inayopita ni 11010000 wakati wa kuandika, nayo ni 0xD0, na 0xD1 wakati wa kusoma. Waandishi wengine huiita baiti hiyo nzima anwani. Katika mti wa vifaa, na vilevile katika ACPI, anwani huandikwa bila ile biti ya mwisho, kwa hiyo andika 0x68.

Kosa la kuandika 0xD0 si baya sana, kwa sababu namba hiyo imezidi 0x7F na keneli itaikataa waziwazi. Lililonisumbua mimi lilikuwa la kujificha zaidi. Nilikuwa na chipu ya PCF8574, ambayo anwani yake ya kwanza ni 0x20, nami nikanakili 0x40 kutoka katika maelezo yaliyohesabu biti ya nane. Namba 0x40 ni anwani halali, hivyo hakuna kilicholalamika wakati wa kukusanya faili (kuigeuza iwe katika umbo linalosomwa na keneli) wala wakati wa kuwasha. Draiva iliita, hakuna aliyeitika, nami nikashinda nikibadilisha nyaya na rezista zisizokuwa na kosa lolote. Tangu hapo, kila ninapoiona anwani kwenye karatasi ya maelezo ya chipu huwa naiandika kwanza kwa biti moja moja, nikahesabu kama ni saba au nane, kabla sijaipeleka kwenye faili.

Sasa tarehe za ajabu. MPU-6050 hutumia anwani 0x68 pini yake ya AD0 inapounganishwa na ardhi ya saketi, na hapo ndipo inapokutana na saa yako. Chipu mbili zikiwa na anwani moja, zote huitika kwa pamoja. Nyaya za I2C huvutwa juu na rezista, na kila chipu huweza kuzishusha tu. Kwa hiyo chipu moja inapotuma 1 na nyingine 0 katika mpigo ule ule, kinachosomwa ni 0. Unaposoma saa, unasoma mchanganyiko wa biti za chipu zote mbili. Unapoiweka saa sawa, unaandika pia ndani ya rejista za kihisi bila kukusudia. Hakuna maelezo ya fimwea yatakayoponya hali hiyo, kwa kuwa maelezo hayabadilishi nyaya. Unganisha AD0 na waya wa umeme, kihisi kihamie 0x69, kisha ndipo uandike:

&i2c1 {
    status = "okay";
    clock-frequency = <100000>;

    rtc@68 {
        compatible = "maxim,ds3231";
        reg = <0x68>;
    };

    imu@69 {
        compatible = "invensense,mpu6050";
        reg = <0x69>;
    };
};

Nodi, yaani kifungu kimoja cha mti, ya kwanza inalifungua basi lenyewe, kwa maana mara nyingi faili ya msingi ya chipu kuu huyataja mabasi yote huku ikiyaacha yamefungwa, na inaweka kasi ya hezi 100,000. Ndani yake kila chipu ina nodi yake. Sifa ya compatible ndiyo inayomwita draiva: ni jina la mtengenezaji, mkato, kisha jina la chipu, na lazima lifanane herufi kwa herufi na lile lililomo katika draiva. Sifa ya reg ndiyo anwani inayotumika kweli. Namba iliyo baada ya alama ya @ ni sehemu ya jina la nodi tu, lakini inapaswa kulingana na reg, na zikitofautiana kikusanyaji cha dtc hutoa onyo ambalo nakusihi usilipuuze.

Ukimaliza, endesha amri ya i2cdetect -y 1, inayokagua anwani za basi, ikiwa basi lako ni namba 1, uangalie mstari unaoanza na 60. Kabla ya draiva kushika, safu zenye vichwa 8 na 9 zitaonyesha 68 na 69. Baada ya draiva kushika zitaonyesha UU na UU, yaani anwani hizo zimekwisha chukuliwa na keneli, nayo ndiyo alama unayoitafuta.

SWALI: Kwa nini mambo haya yasiandikwe moja kwa moja ndani ya keneli, tuepukane na faili hizi za ziada? (Mwandishi wa programu)

JIBU: Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mingi kila ubao wenye kichakato cha ARM uliotaka kuendesha Linux ulikuwa na faili yake ya C ndani ya keneli, imeorodhesha chipu moja moja na anwani zake. Mbao zilipoongezeka, faili hizo ziliongezeka pamoja nazo, nyingi zikirudia mambo yale yale kwa mabadiliko madogo, hadi Linus Torvalds alipolalamika hadharani mwezi Machi 2011. Wahusika wa ARM waligeukia mti wa vifaa, ambao haukuwa kitu kigeni: ulitokana na Open Firmware, iliyofanywa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994 baada ya kazi iliyoanzia Sun Microsystems, na Linux ya PowerPC ilikuwa imekwisha kuutumia.

Faida yake ni kwamba keneli moja iliyokusanywa mara moja inaweza kuwashwa kwenye mbao tofauti, kila ubao ukija na maelezo yake. Mimi naona kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Mtu aliyechora saketi na mtu aliyeandika draiva huwa ni watu wawili wasiofahamiana, na faili ya maelezo ndiyo mahali pekee wanapokutana. Ikiwa ya kweli, kila mmoja anaweza kufanya kazi yake bila kumsumbua mwenzake.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza fimwea ya kompyuta mpakato inayotumia coreboot, ile fimwea huria. Padi ya mguso imeunganishwa kwa I2C na inatambuliwa vizuri wakati wa kuwasha, lakini baada ya dakika kadhaa za matumizi huganda na haifufuki hadi niwashe upya. Nimekwisha badilisha kasi ya basi bila mafanikio. Tena naomba unieleze ACPI inavyotofautiana na mti wa vifaa katika jambo hili. (Fundi wa fimwea)

JIBU: Nianze na hilo la mwisho kwa kifupi. ACPI ilitolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, wakati ambapo vifaa vingi vya kompyuta za mezani vilikaa kwenye mabasi yanayojitaja. Ni katika toleo la 5.0 la mwaka 2011 ndipo ulipoongezwa utaratibu rasmi wa kueleza kifaa kilicho kwenye I2C au SPI (basi jingine la ndani ya ubao) na pini kinayotumia. Kifaa hupewa kitambulisho katika _HID, na mahitaji yake hutajwa katika _CRS. Ukilifungua jedwali lako kwa programu ya iasl, utaona ndani ya _CRS ya padi mstari wa I2cSerialBusV2 wenye anwani ya chipu, kasi, na njia ya kidhibiti kinachomiliki basi. Kasi huandikwa hapo kwa heksadesimali, kwa hiyo usishtuke ukikuta 0x00061A80. Hiyo ni 400,000. Padi zinazofuata itifaki ya HID (ya vifaa vya kuingizia kama padi na kibodi) juu ya I2C hutaja pia PNP0C50 katika _CID, ili draiva ya jumla iweze kuzishika hata kama haiijui chapa yake.

Katika coreboot huandiki hayo kwa mkono. Unayaeleza katika faili ya devicetree.cb, nayo coreboot hutoa ACPI kutokana nayo. Angalizo moja: katika faili hiyo, namba inayofuata device i2c ni heksadesimali ingawa haina 0x mbele yake. Anayeandika 21 akidhani ni sawa na 0x15 atakuwa ameielekeza kompyuta kwenye anwani nyingine kabisa.

Sasa kuganda. Dalili uliyoieleza, ya kifaa kinachofanya kazi kisha kikanyamaza moja kwa moja, inanifanya niutilie shaka waya wa kukatiza kuliko basi lenyewe. Padi inapokuwa na la kusema hushusha waya mmoja ili kumwamsha kichakato, na itifaki ya HID juu ya I2C inataka waya huo ubaki chini hadi data yote isomwe. Hicho ndicho kinachoitwa ukatizaji wa hali: kichakato hutazama kama waya uko chini, na maadamu uko chini huendelea kusoma. Lakini maelezo yako yakisema kwamba ukatizaji ni wa ukingo, kichakato hungoja tu ile nukta ya waya kutoka juu kwenda chini. Fikiria kidole kinaposogea haraka: padi inashusha waya, draiva inasoma ripoti moja, na kabla haijamaliza ripoti ya pili imekwisha ingia. Padi inaendelea kuushikilia waya chini, kwa haki kabisa, ikisubiri kusomwa. Kichakato nacho kinangoja ukingo mpya, ambao hauwezi kutokea kwa kuwa waya haujapanda. Kila upande unamngojea mwenzake, na hali hiyo haivunjiki hadi umeme ukatwe.

Kwa hiyo tazama mstari wa irq katika maelezo ya padi. Ukikuta ACPI_IRQ_EDGE_LOW, badilisha uwe ACPI_IRQ_LEVEL_LOW, kisha uhakikishe kwamba pini yenyewe imepangwa hivyo hivyo katika orodha ya pini ya ubao, kwa sababu maelezo na mpangilio wa pini vikipingana utabaki pale pale. Jambo hilo hilo huwapata wanaotumia mti wa vifaa, ambako hali ya chini huandikwa kwa namba 8 na ukingo wa kushuka kwa namba 2. Ni namba moja tu katika mstari wa interrupts, na ni rahisi kunakili ya ubao mwingine bila kufikiri. Umefanya vyema kutaja kwamba padi hutambuliwa wakati wa kuwasha, maana hilo lilitosha kuondoa shaka juu ya anwani.

SWALI: Nimeandika compatible = "spidev" ili nizungumze na chipu yangu ya SPI kutoka kwenye programu ya kawaida, lakini keneli mpya inakataa, ingawa ya zamani ilikubali. Kwa nini? Na je, reg kwenye SPI ni anwani ya nini ikiwa chipu za SPI hazina anwani? (Mtumiaji wa mbao ndogo)

JIBU: Kwa sababu hakuna chipu inayoitwa spidev. Hilo ni jina la draiva ya Linux, na mti wa vifaa hutaja kilichopo kwenye ubao. Mfumo endeshi ndio unaoamua jinsi ya kukitumia. Keneli ilianza kwa kutoa onyo, baadaye ikakataa kabisa, nami naunga mkono uamuzi huo, kwani ubao wenye nodi ya spidev humwacha fundi anayefuata bila kujua ni chipu gani iliyopo. Andika jina halisi la chipu, kisha uifunge kwa draiva ya spidev kutoka katika mfumo endeshi kupitia faili ya driver_override katika sysfs, mfumo wa faili ambamo keneli huonyesha vifaa vyake.

Kuhusu reg, kwenye SPI ni namba ya waya wa kuchagulia chipu. Chipu mbili za aina moja zinazogawana nyaya za data zitakuwa na reg 0 na reg 1. Usisahau spi-max-frequency, na uangalie pia hali ya saa: chipu isiyotumia hali ya 0 huhitaji spi-cpol, spi-cpha au zote mbili. Sifa hizo zikikosekana mahali zinapohitajika, hutapata kosa lolote kwenye kumbukumbu za keneli. Utasoma tu namba zilizosogea kwa biti moja, kwa kuwa SPI haina hata ule uitikaji mdogo ulioko katika I2C.

SWALI: Nimeirekebisha faili ya mti wa vifaa, nimeikusanya, nimewasha upya, lakini hakuna kilichobadilika. Nifanye nini? (Msomaji wa muda mrefu)

JIBU: Usiitazame tena faili uliyoandika; tazama ile keneli iliyopokea. Kipakiaji cha kuwashia huenda kinachukua faili nyingine iliyo kwenye kizigeu kingine, au kinaongeza na kubadilisha nodi baada ya kuipakia. Endesha dtc -I fs -O dts /proc/device-tree nawe utapata mti mzima ulivyo ndani ya kompyuta inayoendelea kufanya kazi. Ikiwa nodi yako haimo, kosa liko kwenye upakiaji, na hapo hakikisha kwanza kwamba faili inayopakiwa ni ile iliyokusanywa, ambayo baiti zake nne za mwanzo ni d0 0d fe ed. Ikiwa nodi imo, soma sifa ya status ya nodi yenyewe, kisha ya basi linaloibeba, kwa kuwa chipu iliyofunguliwa ndani ya basi lililofungwa haitaitwa kamwe. Baada ya hapo soma reg kwa hexdump: kwa saa ya DS3231 inapaswa kuwa baiti nne, 00 00 00 68. Ukikuta 00 00 00 44, uliandika 68 bila 0x mbele yake.